Mkia wa Hadithi ya Pembe

Karatasi ya manila ilibandikwa sebuleni kwangu, hapa Itetemia, Tabora, kati ya kalenda ya zamani na picha ya harusi yetu, na kwa miaka miwili sikunywa chai bila kuitazama. Aliibandika mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, siku alipokuja kutuambia kwamba amekubaliwa kusoma shahada ya uzamivu ya historia huko Dar es Salaam. Mimi niliishia darasa la nne, tena la nne lenyewe nilisoma nusu, kwa hiyo alinieleza polepole kama anavyoelezwa mtu aliyetoka usingizini.

"Masomo haya, Babu, hayana mwalimu wa kukugongea kengele. Unajipangia mwenyewe. Usipojipangia, unapotea humo humo miaka kumi."

Alikuwa amechora visanduku kwa rula, mstari juu ya mstari. Mwaka wa kwanza ni kusoma walichoandika waliotangulia, kisha kuandika pendekezo na kulitetea mbele ya walimu. Mwaka wa pili ni vibali, nyaraka za zamani, na kuzungumza na wazee wa njia ya misafara. Mwaka wa tatu kuandika sura moja baada ya nyingine, na wa nne kutetea kitabu kizima mbele ya jopo. Kila miezi sita anapeleka ripoti kwa msimamizi wake kueleza amefika wapi. Kisanduku kikikamilika kinapakwa kijani. Yeye alikuwa na karatasi yake kule chuoni; hii ilikuwa yetu, ili tujue yuko wapi. Akimaliza jambo alikuwa anapiga simu, na mke wangu anavaa miwani na kupaka.

"Mke mwenzangu," mke wangu alimwambia siku ile, maana ndivyo wanavyoitana, "mbona sijaona kisanduku cha kuolewa?"

"Kimesahaulika, Bibi."

"Basi kichore hata kwa penseli."

Tulicheka. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kuicheka karatasi ile.

Sasa lazima niseme habari ya pembe, maana bila hiyo hamtaelewa niliogopa nini. Babu yangu mimi, mzaa baba, alikuwa mpagazi. Wanyamwezi wa rika lake wengi walikuwa wapagazi. Walibeba mizigo kutoka hapa Tabora mpaka pwani na kurudi, miezi na miezi, kabla reli haijafika. Alikufa mimi nikiwa na meno ya mbele yameng'oka. Na hadithi yake moja niliibeba maisha yangu yote. Kwamba walipokuwa kwenye pori lile kame la Mgunda Mkali, mwenzake alishikwa na ugonjwa akaanguka. Mkuu wa msafara akasema mwacheni, twendeni. Babu yangu akatua pembe ya ndovu aliyoibeba, akamwinua mgonjwa, akamweka begani palepale ilipokuwa pembe. Mkuu akafoka. Babu akamjibu, "Pembe haifi, inaweza kungoja." Akambeba yule mtu, akarudi naye mpaka Kigwa.

Niliwahadithia wanangu. Nilimhadithia mjukuu huyu zaidi ya wote, kwa kuwa alilelewa hapa, na alikuwa mtoto wa kuuliza. Alikuwa halali bila pembe. Na alipopata kazi ya kufundisha akaiacha kwenda kusoma tena, alisema mbele ya ukoo mzima kwamba pembe ya babu ndiyo inayompeleka. Alitaka kuandika jinsi wapagazi walivyokuwa watu wa kufanya kazi wenye akili na msimamo, si punda wa binadamu kama vitabu vingine vinavyosema. Mwaka wa pili alikuja na kinasa sauti chake, akaniketisha siku tatu, nikasema yote. Sura ya tatu ya kitabu chake, kichwa chake cha habari ni maneno ya babu yangu kuhusu pembe. Mke wangu aliipaka kijani kwa furaha mpaka rangi ikavuka mstari.

Nirudi nyuma kidogo, mtanisamehe. Mimi kazi yangu ilikuwa reli. Nilikuwa mtu wa gengi, kunyoosha njia, kushindilia kokoto, kubadili mataruma yanayolaliwa na reli. Kila mara alikuwa anapita mkaguzi na toroli yake, mtu mfupi, hasemi shikamoo wala marahaba, ana nyundo ndogo. Kwenye daraja letu mataruma yalikuwa ya mbao. Anagonga moja moja na kusikiliza. La zima linalia, lililooza linajibu kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Mwaka mmoja mataruma mapya yalichelewa kufika, na sisi tulikuwa na moja bovu. Tulilipaka lami, tukalishindilia vizuri, mkaguzi akapita bila kuligonga. Jioni ile treni ya abiria ilipokuja nilisimama kando na bendera yangu, nikayahesabu mabehewa yakivuka. Yalivuka yote. Hakuna aliyejua. Lakini woga wa jioni ile haukunitoka mpaka taruma lile lilipong'olewa, na nilidhani nisingeuonja tena.

Nikauonja mwaka jana, Kigwa, kwenye mazishi.

Alikufa mwenzangu wa gengi, Mnyamwezi mwenzangu, mtu wa Kigwa hasa. Nilipanda treni asubuhi, nikafika watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka. Na pale pale ugomvi wa utani ukaanza, maana watani walikwisha fika. Wagogo ni watani wetu tangu siku za misafara. Nchi yao ilikuwa katikati ya njia, tukipita lazima tugombane, mwisho tukawa tunazikana na kutukanana bila mtu kukasirika. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja wa Kigogo, mjane wa mtu wa reli, mwembamba, sauti kama filimbi. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu na buti zake za mvua, anatembea kwa kuchechemea kama alivyokuwa akichechemea marehemu, na watoto wa marehemu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja.

"Mnamlilia huyu?" akasema. "Mimi namjua huyu kuliko ninyi! Huyu uvivu ni wa kurithi! Babu yake alikuwa mpagazi. Amebebeshwa pembe, amefika Mgunda Mkali, amechoka. Mwenzake akaugua, akaanguka. Mkuu akasema mwacheni. Babu wa huyu akatua pembe, akambeba mgonjwa! Mkuu akauliza, vipi wewe? Akasema, pembe haifi, inaweza kungoja!"

Mimi niliinuka nusu kutoka kwenye mkeka.

"Watu wakasema, lo, mtu mwema!" Yule bibi akasimama, akanyanyua mguu wenye buti. "Mwema wapi! Mgonjwa alikuwa ameharisha siku nne, amebaki mifupa! Pembe ilikuwa nzito mara mbili yake! Mnyamwezi amepima, akachagua mzigo mwepesi!"

Mikeka yote ilipasuka kwa kicheko. Na katikati ya kicheko kile mimi nilikikumbuka kicheko kingine. Kaburi la babu yangu, mimi mtoto, watu wazima wanaangua kicheko na mimi sielewi kwa nini wanacheka ilhali maneno ni mazuri. Mzee wa Kigogo amevaa blanketi la babu, ananyanyua mguu, vilevile. Mkia ule wa hadithi nilikuwa nimeusikia. Niliusikia kwa masikio yangu. Kisha mwaka baada ya mwaka, nikihadithia, niliona hadithi inapendeza zaidi ikiishia Kigwa. Mkia nimeukata mimi. Sikumbuki siku, lakini kisu ni changu.

Baada ya kuzika nilimfuata yule bibi. Alikuwa anakula ubwabwa bado na buti za marehemu mguuni.

"Dada, ile hadithi ya pembe umeitoa wapi?"

"Weee Mnyamwezi! Hadithi za msibani zinatolewa wapi? Tunazo. Mama yangu aliisema, na mjomba wake aliisema."

"Kwa kila mtu?"

"Kila Mnyamwezi mzee. Ninyi si wote babu zenu walikuwa wapagazi? Na wote wavivu." Akaniangalia juu mpaka chini kama fundi anayepima suti. "Nitaisema na kwako. Utakuwa tayari lini? Nisije nikasafiri."

Waliokuwa karibu walicheka. Nami nilicheka, maana mtani hakasirikiwi. Lakini nilirudi Tabora nikiwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili.

Nilipoingia nyumbani kitu cha kwanza nilichoona ni sura ya tatu, kijani kitupu.

Sijui kama ninyi mmewahi kuogopa karatasi. Nilianza kukaa upande wa pili wa meza ili niipe mgongo, ikawa mbaya zaidi, nahisi inanitazama kisogoni. Ripoti mbili za miezi sita zilikuwa zimekwenda kwa msimamizi zikisema sura ya tatu iko salama. Mbele yake kulikuwa na kisanduku cheupe: kuwasilisha sura tatu za kwanza kwa walimu wote wa idara. Nilimwona yule msimamizi, mtu ambaye sijawahi kumtia machoni, ameshika nyundo ndogo. Atagonga sura ya kwanza, inalia. Atagonga ya pili, inalia. Na pale kwenye ya tatu mjukuu wangu amesimama mbele ya watu, bila bendera, bila kujua.

Nikajiambia, labda hawatagonga. Nani huko Dar es Salaam anajua utani wa msibani Kigwa? Baada ya saa moja nikajijibu, wasomi wote wana makwao, na huko makwao wanazikana. Mgogo mmoja tu aliyesoma akikaa kwenye ile meza, atacheka. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote, kwamba atacheka.

Nilimficha mke wangu. Simu ya mjukuu ikilia nilikuwa naenda chooni. Mke wangu akamwambia, "Mume wetu tumbo lake limekuwa la kitoto siku hizi, ukipiga tu linamshika." Akanipeleka kupima presha, ikakutwa juu, nikapewa vidonge. Sikumwambia daktari habari ya pembe.

Wiki tatu kabla ya siku ya kuwasilisha, mjukuu akaja mwenyewe. Utaratibu wao ni kwamba mzee aliyehojiwa asomewe kilichoandikwa, aseme ndivyo au sivyo, atie sahihi. Alifika asubuhi na basi la usiku kutoka Dodoma, alikokuwa kwenye nyaraka, amekonda, macho mekundu. Akaniamkia, akanywa chai na viazi vikavu vya kupika, kisha akafungua kompyuta mezani.

"Nimebakiza sahihi yako tu, Babu. Ukishatia, natuma leo leo."

Akanisomea. Nimesikia mengi maishani, hotuba na mahubiri, lakini sijasikia babu yangu akisifiwa namna ile. Alikuwa ameeleza pori, ukame, uzito wa pembe, kilo ngapi, mikataba ya wapagazi, na katikati ya hayo yote babu yangu amesimama na kumjibu mkuu wa msafara. Pale aliinua macho akanitazama. Akasukuma fomu mbele yangu, na kalamu juu yake.

Niliishika kalamu. Niseme kweli, niliweka ncha kwenye karatasi, na nukta ya wino bado ipo kwenye ile fomu, ameitunza. Ningeandika herufi tatu tu za jina langu, yangekuwa yamekwisha.

"Mama," nikasema, namwita mama kwa kuwa amepewa jina la mama yangu, "hapa si pazima."

"Nimekosea mahali?"

"Si wewe."

Nikamweleza. Kigwa, bibi wa Kigogo, buti, mguu juu, mgonjwa mwepesi. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Nilipofika kwenye mkia nilisema haraka haraka, kama mtu anayevuka daraja lile.

Mjukuu alinitoa kalamu mkononi, akaifunika. Kisha akauliza, taratibu sana, kwa sauti ya kazi, "Ulisema ulihadithiwa na baba yako. Iko kwenye rekodi."

"Nilisema hivyo. Baba hakuwahi kuisema."

"Kwa hiyo umenidanganya."

"Sikujua kama ni uongo."

"Mkia ulikuwa unaujua."

Nikairudisha fomu upande wake.

"Babu, mimi niliacha kazi." Sasa sauti ya kazi ilikuwa imekwenda. "Kila mtu aliponiuliza kwa nini historia, nimewaambia hii. Kwenye pendekezo langu, ukurasa wa kwanza kabisa, ni hii! Kwa nini hukuniambia uliporudi msibani? Miezi minne!"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Nilimwonyesha ukutani. Akageuka akaitazama ile karatasi, na nikaona naye anaiogopa. Labda aliiogopa siku zote kuliko mimi. Sikuwa nimewaza hilo. Nilidhani aliyechora visanduku hawezi kuvihofia.

Mke wangu ndiye aliyesema, "Mke mwenzangu, huyu mwanaume mtu mzima tangu nimemjua anakata mikia ya hadithi. Hata ya jinsi alivyonioa. Mpigie mwalimu wako kabla hujalia, ukilia hutasikika."

Alitoka uani na simu. Nilikaa palepale nikisikiliza. Nilisikia, "Ndiyo, Profesa." Nikasikia, "Hapana, amesema mwenyewe." Kisha kuku tu wanachakura, na tena, "Ndiyo, Profesa. Naelewa." Nilihesabu hizo ndiyo kama nilivyohesabu mabehewa. Zilikuwa saba.

Aliporudi alisimama, hakuketi. Siku ya kuwasilisha imefutwa. Sura ya tatu itoke yote. Pendekezo liandikwe upya ukurasa wa kwanza, na aombe idara impe muda wa nyongeza; kikao kitaamua mwezi unaofuata, na hakuna wa kumhakikishia. Wengine wamenyimwa wakarudi nyumbani. Nikamuuliza kama yule profesa alicheka.

"Hakucheka," akasema. "Bora angecheka."

Mwezi ule nilikula kwa kuwa niliwekewa chakula. Mjukuu alikaa nasi. Hakuninunia, angeninunia ningepumua. Aliniamkia kila asubuhi, akanimiminia chai, na hakuniuliza chochote cha zamani. Nikianza kusimulia kitu, hata habari ya mvua ya mwaka gani, nilikuwa namwona anasikiliza kama yule mkaguzi. Ikabidi ninyamaze. Mtu kama mimi kunyamaza mwezi mzima ni kama kufungwa.

Alikwenda Kigwa mara mbili bila mimi. Alirudi na rekodi za yule bibi. Siku moja nilimsikia chumbani anaisikiliza, na ile sauti ya filimbi ikafika kwenye mguu na buti, na mjukuu wangu akacheka, mara moja, kifupi, kisha akajizuia. Nilikaa uani nikitwanga karanga ambazo zilikuwa zimekwisha sagika.

Barua ya idara ikaja kwenye simu yake. Amepewa mwaka mmoja wa nyongeza, mara hii tu, hakutakuwa na mwingine. Aliisoma kwa sauti na sote watatu hatukushangilia. Aliibandua ile karatasi ya manila, akaigeuza upande wa nyuma, akachora upya mezani. Mambo mengi yalihama. Sura ya tatu ikawa tupu, bila kichwa cha habari. Na mwishoni kabisa, karibu na kutetea, mahali ambapo mimi nitakuwa nimevuka themanini kama Mungu akipenda, akachora kisanduku kidogo na kuandika ndani: Babu, kusomewa yote.

"Bado unanitaka?" nikauliza.

"Wewe ndiye ulihojiwa. Lazima usomewe. Na safari hii uniambie kila pasipo pazima, hata pawe padogo vipi."

Visanduku vingine vyote vilikuwa vya wino. Changu kilikuwa cha penseli. Nikamuuliza kwa nini.

"Ili niweze kukisogeza, kazi ikichelewa."

Akaibandika palepale. Sasa naiogopa kwa namna nyingine. Zamani niliogopa atafika pale na uongo wangu. Siku hizi naogopa atafika pale na mimi sipo, maana yale mengine niliyomwambia siku zile tatu, ya njaa, ya ndui, ya visima, naamini ni mazima, lakini anayeweza kuyagonga na kusikiliza ni mimi peke yangu. Vidonge vyangu vya presha nimeviweka chini ya karatasi, nisisahau. Nahesabu visanduku vilivyobaki kabla ya changu, na kila asubuhi nikiamka nikahema vizuri nasema haya, leo.

Wiki iliyopita, nikitoka kuoga, kizunguzungu kilinishika nikaegemea ukuta wa korido mpaka kilipopita. Sikumwita mtu. Mjukuu alikuwa mezani anaandika, hakuinua kichwa, nikashukuru kwamba hakuona.

Kesho yake, alipokwisha ondoka kwenda kwenye nyaraka, nikakaa na chai yangu nikatazama ukutani. Pale mwishoni palikuwa na alama tu ya kifutio, karatasi imechubuka kidogo. Nilitafuta, miwani nimeiacha, ikabidi nisimame niisogelee. Kisanduku changu kilikuwa kimesogezwa. Si mbele, kwa kuwa kazi haijachelewa. Alikuwa amekisogeza huku karibu nasi, zaidi ya mwaka mzima, kikakaa mwezi ujao.